Kadiria kwa Kalamu Kabla ya Kuendesha Kompyuta

Mwanafunzi wa uhandisi akifika mwaka wa pili au wa tatu hukutana na somo la mifumo na ishara, na wengi hulipokea kama somo la amri za kompyuta. Andika hiki, bonyeza pale, grafu itoke, ibandike kwenye ripoti, kusanya. Kompyuta isipolalamika, kazi inahesabiwa kuwa imekwisha. Katika kusahihisha ripoti hizo nimekutana na grafu safi kabisa, zenye rangi na vichwa vya habari, zinazoonyesha mambo yasiyoweza kutokea: kapasita inayochajiwa na betri ya volti 9 kupitia rizista ikapanda hadi volti 14, au springi isiyosukumwa na chochote ikizidi kuruka juu kila inaporudi. Aliyezichora hakushtuka, kwa sababu hakuwa na kitu cha kuzilinganisha nacho.

Ushauri wangu kwa anayesoma somo hili, na kwa anayelifundisha, ni mmoja. Usiendeshe modeli yoyote kabla hujaandika kwenye karatasi unachotarajia. Andika jibu litaanzia wapi, litaishia wapi, litachukua muda gani kufika huko, na kama litapitiliza kisha lirudi au litapanda taratibu bila kuyumba. Ukishaandika hayo, washa kompyuta. Grafu ikilingana na karatasi, umepata uhakika. Isipolingana, hapo ndipo masomo yanapoanza, maana mmoja kati yenu wawili amekosea na ni kazi yako kumtafuta.

Inawezekana kufanya hivyo kwa sababu mifumo tunayoanza nayo ni ya mstari. Ukiusukuma mfumo kwa nguvu mara mbili ya ile ya kwanza, jibu nalo linakuwa mara mbili. Ukiusukuma kwa nguvu mbili kwa pamoja, jibu ni jumla ya majibu ambayo kila nguvu ingeleta peke yake. Tabia hiyo peke yake inakupa uwezo wa kukadiria kwa kalamu na kikokotoo cha simu mambo ambayo kwa mifumo mingine hayakadiriki kabisa.

Mahali pa kuanzia ni kuhesabu vitu vinavyotunza nishati. Kapasita inatunza nishati, na koili pia. Masi inayotembea inayo, springi iliyobinywa inayo, maji yaliyo ndani ya tangi yanayo. Rizista na shokapu hazitunzi kitu, hugeuza nishati kuwa joto ikapotea. Idadi ya vitunza nishati vilivyo huru ndiyo daraja la mlinganyo tofautishi utakaouandika, na ndiyo idadi ya thamani za mwanzo ambazo kompyuta itakudai. Nasema vilivyo huru kwa sababu kapasita mbili zilizofungwa sambamba haziwezi kuwa na volteji tofauti, kwa hiyo zinahesabika kama moja. Ukiwa na kimoja tu, jibu haliwezi kuyumba huku na huko lenyewe; halina pa kurudishia nishati. Ukiona grafu ya saketi yenye rizista moja na kapasita moja, ikichajiwa na betri, inapanda na kushuka kama mawimbi, huna haja ya kuendelea kuisoma. Rudi kwenye programu utafute kosa.

Sasa tushike saketi hiyohiyo mkononi. Chukua rizista ya kiloohmu 100, kapasita ya mikrofaradi 470 iliyoandikwa volti 16 au 25, na betri ya volti 9. Angalia mguu hasi wa kapasita uende upande hasi wa betri, maana kapasita za aina hii, za elektroliti, zikigeuzwa huharibika na zinaweza kupasuka. Nimechagua thamani kubwa makusudi. Ohmu 100,000 ukizizidisha kwa faradi 0.00047 unapata sekunde 47, na muda huo, ambao vitabu huuita tau, ni mrefu vya kutosha kumwezesha mtu mwenye multimita na saa ya simu kusoma namba kwa macho. Maabara haihitaji osiloskopu kwa somo hili.

Kabla ya kuunganisha betri, kadiria. Volteji ya kapasita inaanzia sifuri. Inaishia volti 9. Baada ya tau moja itakuwa imefika asilimia 63 ya safari, yaani kama volti 5.7, baada ya tau mbili volti 7.8, baada ya tau tatu volti 8.55, na baada ya tau tano, karibu dakika nne, itakuwa imebakiza chini ya asilimia moja. Haiwezi kupita 9. Mwinuko wa mwanzo ni 9 gawanya kwa 47, yaani takriban volti 0.19 kwa sekunde. Chora mstari huo kwa rula, kisha chora mkunjo unaouacha mstari na kulala polepole chini ya 9. Karatasi yako iko tayari.

Unganisha, usome kila baada ya sekunde 10. Kama una multimita ya tarakimu ya kawaida yenye ukinzani wa megaohmu 10, utaona volteji ikielekea karibu volti 8.9, na muda unaweza kutofautiana na makadirio yako kwa sekunde kadhaa. Usione haya. Kapasita za aina hii mara nyingi huuzwa zikiwa na ruhusa ya kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, kwa hiyo tau halisi inaweza kuwa popote kati ya sekunde 38 na 56 hata kabla ya kuhesabu kosa la rizista. Jambo la maana ni umbo: je, kila baada ya muda uleule, umbali uliobaki unapungua kwa uwiano uleule? Ikiwa ndivyo, modeli yako ni sahihi na ni namba yake tu inayohitaji kurekebishwa.

Lakini jaribu kupima kwa mita ya zamani ya sindano. Nyingi za mita hizo nzuri zina ukinzani wa ohmu 20,000 kwa kila volti, kwa hiyo ukiiweka kwenye kipimo cha volti 10 inakuwa rizista ya kiloohmu 200 iliyofungwa sambamba na kapasita yako. Sindano itapanda, itapunguza mwendo, na itasimama volti 6. Betri ni ya 9, rizista ni nzima, kapasita ni nzima, na sindano imegoma kwenye 6. Mwanafunzi asiye na makadirio ataandika 6 kwenye jedwali na kusonga mbele. Mwenye makadirio atauliza volti 3 zimekwenda wapi, na akichora saketi upya, safari hii mita ikiwa ndani ya mchoro, ataona kwamba kiloohmu 100 na kiloohmu 200 zinagawana volti 9 na kapasita inapata theluthi mbili yake. Tau nayo imebadilika kuwa sekunde 31. Na akiweka grafu mbili pamoja ataona jambo zuri sana: zinaanza na mwinuko uleule, volti 0.19 kwa sekunde, kisha zinaachana. Mwanzoni kapasita haina volteji, kwa hiyo mita haina cha kunyonya. Kadiri volteji inavyopanda ndivyo mita inavyokula sehemu yake.

Nimekaa hapa muda mrefu kwa sababu sijui zoezi lingine la bei ndogo namna hii linalofundisha kwamba modeli ni uamuzi wa nini kiingie na nini kiachwe. Kompyuta haitakuambia kamwe kwamba umesahau kuweka mita. Itahesabu kwa uaminifu saketi uliyoipa.

Ukishazoea kitunza nishati kimoja, nenda kwenye viwili, na hapo ndipo michoro ya bloku inapokuwa na faida. Jenga mchoro wako kwa intigreta, usiujenge kwa vitofautishi. Mlinganyo uandikwe hivi: badiliko la juu kabisa liko peke yake upande wa kushoto, mengine yote kulia. Kwa gari lililokaa juu ya springi, mchapuko ni sawa na nguvu ya nje, toa nguvu ya shokapu, toa nguvu ya springi, vyote vikigawanywa kwa masi. Mchapuko ukipita kwenye intigreta ya kwanza unatoka ukiwa mwendo. Mwendo ukipita kwenye ya pili unatoka ukiwa umbali. Na mwendo na umbali vinarudishwa nyuma kwenda kuunda mchapuko. Mduara umefungwa. Anayeshangaa jinsi jibu linavyoweza kutumika kujitafuta lenyewe yuko kwenye kundi zuri. Lord Kelvin alionyesha mwaka 1876 kwamba intigreta za chuma alizobuni kaka yake James Thomson zikiunganishwa kwa mduara namna hiyo zingeweza kutatua milinganyo ya aina hii. Wakati huo mashine haikuwezekana kwa vitendo, kwa sababu gurudumu la intigreta moja halikuwa na nguvu ya kuzungusha inayofuata. Vannevar Bush na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, ndio waliokamilisha mashine kubwa ya namna hiyo kufikia 1931, baada ya kupatikana kifaa cha kuongeza nguvu ya mzunguko. Programu za bloku tunazofungua leo zinafuata njia hiyohiyo, na sababu ya kupendelea intigreta haijabadilika: intigreta hulainisha kelele zilizomo kwenye ishara, kitofautishi huzikuza.

Angalia alama za kutoa. Alama moja ya minasi ikigeuka kuwa plasi kwenye njia ya kurudi, springi itasukuma gari kwenda kule linakokwenda badala ya kulirudisha, na grafu itaruka kwenda juu isirudi tena. Ukiona hivyo, usianze kubadilisha namba ovyo. Fuata waya moja moja kwenye mchoro.

Tuchukue kona moja ya gari dogo. Masi inayobebwa na gurudumu hilo tuseme kilo 300, springi ina ugumu wa niutoni 30,000 kwa mita, na shokapu nzima ina namba 1,800 kwa vipimo vya niutoni-sekunde kwa mita. Fundi wa gari ana kipimo chake cha shokapu: anakandamiza kona ya gari kwa mikono, anaachia ghafla, anahesabu inaruka mara ngapi. Tumwige. Nguvu ya niutoni 750, karibu uzito wa mtu mzima, inabinya springi milimita 25. Tukiachia itatokea nini?

Kalamu inasema hivi. Kipeuo cha pili cha 30,000 gawanya kwa 300 ni 10, kwa hiyo mtikisiko asilia ni rediani 10 kwa sekunde, mzunguko mmoja kwa takriban sekunde 0.63. Uwiano wa mfifio, ile namba inayoandikwa zeta, ni 1,800 gawanya kwa 6,000, yaani 0.3. Kwa zeta hiyo mfumo unapitiliza kwa asilimia 37: gari litapanda, lipite mahali pake pa kawaida kwa milimita 9, lirudi, na baada ya sekunde 1.3 hivi litakuwa limetulia. Sasa shokapu ikichakaa, namba yake ikashuka hadi 600, zeta inakuwa 0.1, gari linapitiliza kwa milimita 18 na linatikisika kama sekunde nne. Ndiyo tofauti anayoiona fundi kwa macho.

Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, andika programu yako ya kwanza kwa njia ya Leonhard Euler, aliyoieleza katika kitabu chake cha 1768 na ambayo bado ndiyo rahisi kuliko zote: thamani mpya ni thamani ya zamani ongeza mwinuko wake mara hatua ya muda. Weka shokapu iliyochakaa, 600. Chagua hatua ya sekunde 0.02. Ni hatua inayoonekana nzuri tu, inakupa vitone zaidi ya 30 katika kila mzunguko na mkunjo unaovutia. Endesha.

Gari halitatulia. Litaruka kwa kimo kilekile, mzunguko baada ya mzunguko, kana kwamba shokapu imeng'olewa ikatupwa. Hata muda wa mzunguko utakuwa karibu sawa na ule wa kweli, kwa hiyo hakuna kitakachokushtua isipokuwa karatasi yako inayosema sekunde nne. Shokapu ipo na inafanya kazi. Ni njia ya Euler inayoingiza nishati ya bandia kila hatua, na kwa namba hizi nishati inayoingizwa ni sawasawa na ile ambayo shokapu inakula. Mpaka wenyewe ni zeta mara mbili gawanya kwa mtikisiko asilia, yaani 0.02 kamili. Ongeza hatua iwe 0.03 na gari litaruka zaidi kila mara hadi grafu ijae. Punguza iwe 0.01 na litatulia, lakini litatumia muda mara mbili ya ule wa kweli, na kosa hili ndilo la hatari kuliko yote kwa sababu grafu inafanana kabisa na grafu sahihi. Ukifika 0.001 kosa la kasi ya kutulia linabaki asilimia 5 hivi.

Hapo pana kanuni ya kushika katika kila uigaji utakaofanya: gawa hatua kwa mbili, endesha tena, weka grafu mbili juu ya nyingine. Zikitofautiana, hata ile ya pili usiiamini bado. Endelea kugawa hadi zilingane. Inachukua dakika moja na mwanafunzi asiyeifanya hana haki ya kuandika neno matokeo kwenye ripoti yake.

Kuna njia bora kuliko Euler, na baada ya kuumizwa naye kidogo utazithamini. Njia ya Runge na Kutta ya daraja la nne, iliyotokana na kazi za 1895 na 1901, inachungulia mwinuko mara nne katika kila hatua, na kwa gari letu hatua ya 0.02 inaitosha kabisa. Tena kwa mifumo ya mstari kuna zawadi ambayo wengi hawaitumii: mlinganyo ukiuandika kwa matriksi ya hali, safari kutoka hatua moja hadi nyingine inahesabika bila kosa la ukadiriaji kwa kipeo cha matriksi, mradi msukumo wa nje unajulikana kati ya hatua hizo. Amri ya lsim, inayoiga mifumo ya mstari kwenye programu kama MATLAB na Octave, hutumia wazo hilo. Ndiyo maana nashauri mwanafunzi aandike Euler kwa mkono mara moja ili aelewe kinachotokea chini, kisha ahamie lsim kwa kazi za kweli.

Kuhusu programu yenyewe sina maneno mengi. Ya MATLAB ni nzuri na inalipiwa. Asiyekuwa na leseni ana GNU Octave, ambayo wazo lake lilianzia kwenye kuwasaidia wanafunzi wa uhandisi wa kemikali nchini Marekani na ambayo hukubali sehemu kubwa ya amri zilezile. Ana Scilab pamoja na mchoro wake wa bloku, Xcos. Ana Python na maktaba ya SciPy. Zote tatu ni bure. Zipakue siku yenye mtandao mzuri, na kwa mazoezi haya hazitakudai bando tena. Kwenye Octave kumbuka kupakia kifurushi cha control kabla ya kuita lsim au step, la sivyo utaambiwa amri haijulikani na utadhani umekosea hesabu. Na kila namba unayoiingiza iandikie kipimo chake pembeni. Milimita zilizochanganyika na mita zinaweza kuharibu wiki nzima ya kazi.

Jua pia mahali mstari unapokatika. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu kubwa na springi itagota mpira wa mwisho. Hapo nguvu haiongezeki tena kwa uwiano uleule na modeli yetu inadanganya. Shokapu nyingi hupinga zaidi zinapovutwa kuliko zinapobinywa. Tangi la maji lenye tundu chini halitoi maji kwa uwiano wa kina chake, linafuata kipeuo cha pili cha kina, kwa hiyo modeli ya mstari inafaa tu karibu na kina ulichokichagua. Andika kwenye ripoti eneo ambalo modeli yako inafaa: kuanzia milimita ngapi hadi ngapi, kutoka volti ngapi hadi ngapi. Sentensi moja inatosha, na mhandisi atakayeitumia kazi yako atakushukuru.

Kwako mwalimu mwenzangu: makadirio hayatafanywa kama hayana alama. Kusanya karatasi kabla kompyuta hazijawashwa. Usimpunguzie mtu alama kwa sababu makadirio yake hayakulingana na grafu; mpe alama nyingi zaidi akieleza tofauti ilitoka wapi, na umnyime aliyefuta makadirio yake ili yafanane. Zoezi la kapasita liende kabla ya lile la gari, na mita ya sindano kama ipo kwenye kabati, itoe. Usiwaambie kuhusu volti 6. Darasa likiwa kubwa na vifaa vichache, watu watatu wanatosha bodi moja: mmoja ashike saa na kutaja kila sekunde 10, mmoja asome mita kwa sauti, mmoja aandike, kisha wabadilishane nafasi wakati kapasita inapomwaga chaji, maana kushuka nako kuna tau yake na safari hiyo nayo ikadiriwe kwanza.